Fomu ya Manioda na Mnara wa Dhaka

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi mlioacha shughuli zenu mchana huu wa joto, itifaki imezingatiwa.

Mmenipa mada inayouliza kama na sisi Waswahili tunahitaji mnara wa lugha yetu. Katibu wa chama chenu amenidokeza kwamba mchango umeshaanza na fundi wa sanamu ya kusimama mbele ya maktaba ameshaulizwa bei. Nitalijibu hilo kabla sijakaa chini. Lakini leo ni tarehe 21 Februari, na mtu hawezi kuzungumzia minara ya lugha siku ya leo bila kupita Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Tarehe hii ilikuwa yao kwa miaka 47 kabla dunia haijaipokea.

Pale Dhaka, jirani na hospitali ya Chuo cha Tiba, kuna mnara unaoitwa Shaheed Minar, yaani Mnara wa Mashahidi. Msitarajie kitu kirefu chembamba kama mnara wa msikiti. Ni jukwaa pana lenye ngazi, na juu yake zimesimama fremu tano nyeupe, kila moja ina fito za chuma zilizopangwa wima kama nondo za dirisha. Ya katikati ndiyo kubwa kuliko zote, ina urefu wa mita 14, na sehemu yake ya juu imeinama kwa mbele. Huyo ni mama. Nne zilizobaki, mbili kulia na mbili kushoto, ni wanawe. Nyuma ya mama kuna duara kubwa jekundu. Anayeuona mara ya kwanza anaweza kudhani ni jengo ambalo mkandarasi amelikimbia. Akishaambiwa kwamba yule ni mama anawainamia watoto wake waliouawa, hawezi tena kuuona vingine.

Waliuawa kwa sababu gani? Jibu la kwenye sherehe ni kwamba waliipenda lugha yao. Sawa, waliipenda. Lakini watu wengi wanaipenda lugha yao na hawapigwi risasi. Mimi nataka niwapeleke posta.

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka Bara Hindi, ilizaliwa nchi ya Pakistan ikiwa vipande viwili, kimoja magharibi na kimoja mashariki, India ikiwa katikati kwa upana wa kilomita kama 1,600. Serikali ilikaa Karachi, upande wa magharibi. Watu wengi zaidi walikuwa mashariki, na hao walizungumza Kibengali. Wakubwa wakataka lugha ya taifa iwe Kiurdu, ambacho wakati huo kilikuwa lugha ya nyumbani ya Mpakistani mmoja au hata chini ya hapo katika kila kumi. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi ya Waislamu inahitaji lugha moja ya kuwaunganisha, na Kiurdu ndicho Waislamu wa Bara Hindi walichokuwa wakijivunia kwa muda mrefu. Basi noti, stempu na fomu za serikali zikaanza kutoka kwa Kiurdu na Kiingereza. Kibengali hakikuwemo.

Februari 25, 1948, ndani ya Bunge la Katiba kule Karachi, alisimama mwanasheria kutoka mji wa Comilla aitwaye Dhirendranath Datta. Alichoomba kilikuwa kidogo mno. Kanuni za bunge zilitaja Kiurdu na Kiingereza. Yeye akaomba Kibengali kiongezwe. Akatoa hesabu: katika watu milioni 69 wa nchi hii, milioni 44 wanazungumza Kibengali. Kisha akaeleza jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili alijue kama anavyojua ngeli.

Alisema hivi, nami naeleza kwa maneno yangu. Kuna mkulima maskini ana mtoto anayesoma Chuo Kikuu cha Dhaka. Anataka kumtumia pesa. Anakwenda posta ya kijijini, anaomba fomu ya manioda (vijana waulizeni wazee wenu manioda ni nini, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya simu zenu za kutumia pesa). Anapewa fomu, imeandikwa kwa Kiurdu. Hawezi kuijaza. Inabidi afunge safari mpaka mji wa mbali akatafute wa kumtafsiria, ndipo pesa ya mwanawe itoke. Mkulima mwingine ananunua kipande cha ardhi. Anakwenda kwa muuza stempu, anatoa pesa, anapewa stempu, lakini hana njia ya kujua kama amepewa zinazolingana na pesa aliyotoa, kwa sababu thamani yake imeandikwa kwa Kiurdu na Kiingereza.

Wenzangu wa fasihi mtanisamehe. Kibengali wakati huo kilikuwa na Rabindranath Tagore, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1913. Ushairi kilikuwa nao wa kutosha na kusaza. Kilichokosa ni fomu ya posta.

Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan alimjibu kwa ukali, akaichukulia hoja ile kama jaribio la kuwatia Waislamu mfarakano. Datta alikuwa Mhindu, na hilo halikumsaidia. Hoja ikaanguka. Mwezi uliofuata, Machi 21, akaja Dhaka mwenyewe Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa taifa, akasimama kwenye uwanja wa mbio za farasi mbele ya umati mkubwa, akatangaza kwamba lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake, na anayesema vingine ni adui wa Pakistan. Aliyasema hayo kwa Kiingereza. Siku tatu baadaye akayarudia katika ukumbi wa Curzon mbele ya wahitimu wa chuo kikuu, na baadhi ya vijana wakapaza sauti kumkatalia palepale. Hebu jiwekeni mahali pao: Baba wa Taifa amekuja kwenye mahafali yenu, naye hajafikisha hata mwaka tangu awapatie nchi, nanyi mnamwambia hapana.

Hapo katikati wakubwa walijaribu na njia ya pembeni: Kibengali kiandikwe kwa hati ya Kiarabu. Hili nalisema kwa uangalifu, maana lugha yetu sisi iliandikwa kwa hati hiyo karne na karne, na tenzi zetu za kale zimetufikia kwa njia hiyo. Hati haina kosa. Waandishi wa Lamu na Pate waliichagua wenyewe. Kumwamuru mtu aliyekwisha kuwa na hati yake, magazeti yake na vitabu vyake aviache vyote ili afanane na wewe, hilo ni jambo jingine kabisa, na Wabengali walilielewa mara moja.

Miaka minne ikapita kwa vikao na ahadi. Januari 27, 1952, Waziri Mkuu mpya, Khawaja Nazimuddin, akalirudia neno la Jinnah katika uwanja wa Paltan. Huyu alikuwa mzaliwa wa Dhaka hiyohiyo, ila wa ukoo wa manawabu, yaani mabwana wakubwa wa huko, waliozungumza Kiurdu nyumbani kwao. Wanafunzi na vyama wakatangaza mgomo wa Februari 21. Jioni ya tarehe 20 serikali ikapiga marufuku mikusanyiko, ikitumia kifungu cha 144, urithi wa mkoloni. Kamati ya viongozi ikakaa usiku, na wengi wao wakaamua marufuku isivunjwe. Wanafunzi walikuwa na kikao chao.

Asubuhi wakakusanyika chini ya mwembe katika uwanja wa chuo. Wakakubaliana watoke getini kumi kumi, kundi moja likikamatwa lingine lifuate. Wasichana walikuwemo katika makundi ya mwanzo. Polisi wakakamata, wakapiga mabomu ya machozi, wanafunzi wakarusha matofali, na vuta nikuvute hiyo ikaendelea mpaka mchana. Bunge la jimbo lilikuwa na kikao karibu na hapo. Vijana walitaka wabunge wawasikilize. Kwenye saa tisa alasiri polisi wakafyatua risasi, mbele ya hosteli ya wanafunzi wa tiba.

Majina matano hutajwa kila mwaka, ingawa waliokufa walikuwa zaidi. Nayasoma, nanyi sikilizeni kazi zao.

Rafiquddin Ahmed, kijana aliyekuwa akisaidia kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Risasi ilimpiga kichwani. Abdul Jabbar, mtu wa kijijini kutoka Gafargaon, hakuja Dhaka kwa ajili ya siasa. Alikuja kumleta mama mkwe wake hospitali, alikuwa mgonjwa wa saratani, akatoka nje ya wodi kutazama kuna nini. Abul Barkat, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa, aliyezaliwa Murshidabad, upande uliokwenda India; alifariki usiku huohuo. Abdus Salam, mtumishi katika idara ya viwanda, alipigwa siku hiyo akalala hospitalini mpaka Aprili 7. Na Shafiur Rahman, mfanyakazi wa Mahakama Kuu, yeye alipigwa siku ya pili yake, tarehe 22, barabara ya Nawabpur akielekea kazini. Siku hiyo ya pili aliuawa pia mtoto mdogo, Ohiullah, umri wake miaka minane au tisa.

Mchapaji, mkulima, mwanafunzi, mtumishi wa idara, mtu wa mahakama. Hakuna mshairi hapo. Hakuna profesa wa isimu. Hao ndio watu ambao fomu inawahusu.

Sasa mnara.

Mnara wa kwanza ulijengwa usiku mmoja. Wanafunzi wa tiba walikuwa wamewabeba majeruhi kutoka mlangoni pao hadi hospitalini kwao, maana yote yalikuwa ndani ya eneo moja. Usiku wa Februari 23, mji ukiwa chini ya amri ya kutotoka nje, wakaamua kujenga palepale damu ilipomwagika. Kwa bahati, upande wa hospitali ulikuwa ukipanuliwa na matofali yalikuwa yamerundikwa. Saruji ilikuwa stoo ya mkandarasi, mzee wa mji aitwaye Piaru Sardar. Vijana wakamwendea kuomba, naye akawapa ufunguo. Badrul Alam, mwanafunzi mwenye mkono mzuri wa kuchora, akatoa mchoro. Wakajipanga mstari, tofali likapita mkono kwa mkono, waashi wakajenga, na kulipokucha kulikuwa na nguzo ya futi kama 10 kwenda juu. Baba yake Shafiur akaifungua. Watu wa mji wakaanza kumiminika, wanawake wakiacha pesa na hata mapambo yao ya dhahabu chini ya ile nguzo.

Februari 26 polisi wakaja, wakaizingira hosteli, wakaibomoa nguzo mpaka chini, wakabeba hata kifusi. Iliishi siku zisizotimia tatu.

Naomba mkae kidogo na hiyo taarifa ya kifusi. Serikali yenye jeshi, yenye redio, yenye magereza, imetuma watu wazoe matofali ya futi 10 yaliyounganishwa kwa usiku mmoja na wanafunzi na waashi wao. Mwaka uliofuata wanafunzi wakasimamisha nguzo ya karatasi na kitambaa cheusi mahali palepale, na watu wakaja kuweka maua.

Mwaka 1954 chama tawala kiliangushwa vibaya sana katika uchaguzi wa jimbo la mashariki, na katiba ya 1956 ikaandika kwamba lugha za taifa la Pakistan ni Kiurdu na Kibengali. Ombi la Datta lilikuwa limekubaliwa kwa kiwango kikubwa kuliko alichoomba, baada ya miaka minane na makaburi. Februari 21 ya mwaka huohuo jiwe la msingi la mnara rasmi likawekwa, na mmoja wa walioliweka alikuwa Bi Hasina Begum, mama yake Barkat.

Mchoro wa mnara tunaoujua ni wa msanii Hamidur Rahman, akishirikiana na mchongaji Novera Ahmed. Walianza kazi mwaka 1957 wakiwa na mpango mkubwa: vioo vya rangi mfano wa macho vya kupitisha mwanga wa jua, michoro kwenye kuta, sanamu. Mwaka 1958 jeshi likachukua nchi, ujenzi ukasimama. Ulipomalizwa kwa sura iliyopunguzwa, Februari 21, 1963, aliyeufungua ni yuleyule Bi Hasina Begum. Hakuna waziri aliyemzidi haki ya kukata utepe ule. Jina la Novera, kwa upande wake, lilikaa miaka mingi kwenye kivuli. Aliondoka nchini, akaishi Ufaransa, na akafia huko mwaka 2015. Taifa lilimpa nishani mwaka 1997. Nasema wazi kwamba ilichelewa. Mnara wa mama na wanawe, kisha mwanamke aliyeshika patasi asitajwe!

Machi 1971, jeshi la Pakistan liliposhuka Dhaka kuzima vuguvugu la uhuru, mnara ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa. Wakauvunja, na juu ya kifusi wakaweka kibao kinachosema kwamba hapo ni msikiti. Usiku wa Machi 29, Comilla, wanajeshi walikwenda nyumbani kwa mzee mmoja wa miaka 84. Walimchukua yeye na mwanawe Dilip, na hawakurudi. Mzee huyo alikuwa Dhirendranath Datta.

Upande ule wa mashariki ulipopata uhuru na kuwa Bangladesh, mnara ukajengwa tena mwaka 1973, ukapanuliwa mwaka 1983 hadi kufikia umbo la sasa. Ikifika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 21, viongozi wa nchi huweka mashada, kisha huja watu wote. Asubuhi wanatembea pekupeku, wamevaa nyeusi na nyeupe, na barabara za kwenda mnarani zimepakwa nakshi za rangi usiku kucha na wanafunzi wa sanaa. Miguu mitupu ni sharti. Hakuna anayepanda jukwaa na viatu. Lakini kitu ninachokipenda zaidi kiko vijijini. Shule ambayo haina mnara wa saruji, watoto hukata vigogo vya migomba, wakavisimika vitatu au vitano uwanjani, wakavifunga karatasi za rangi, wakaweka maua ya jirani. Baada ya siku chache kigogo kinaoza. Mwaka ujao wanakata kingine. London nako, kwenye bustani ya Altab Ali karibu na Whitechapel, kuna nakala ya mnara huu, iliyojengwa na Wabengali wa huko.

Mwaka 1998 Wabangladeshi wawili waishio Vancouver, Kanada, Rafiqul Islam na Abdus Salam, walimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, kuomba iwepo siku ya lugha zote duniani. Novemba 17, 1999, UNESCO ikaitangaza Februari 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Tazameni majina hayo mawili: Rafiq na Salam, sawa na majina ya wawili kati ya wale watano. Ni sadfa tu, ila sadfa nyingine haziachiki bila kutajwa.

Baada ya sifa hizo zote, nikiishia hapa nitakuwa nimewauzia bidhaa iliyopakwa rangi upande mmoja.

Mwaka 1972, taifa lililozaliwa kutokana na lugha lilipokuwa likiandika katiba yake, mbunge kutoka vilima vya Chittagong, Manabendra Narayan Larma, alisimama kupinga kifungu kilichowaita raia wote Wabengali. Yeye ni Mchakma, mtu wa kabila la vilimani huko, alisema, na baba yake na babu yake hawakuwahi kuwa Wabengali. Hakusikilizwa. Vitabu vya awali vya shule kwa Kichakma, Kimarma, Kigaro, Kisadri na lugha ya Watripura vilianza kugawiwa na serikali mwaka 2017. Hesabuni wenyewe kutoka 1952. Na wale Waislamu waliozungumza Kiurdu waliobaki Dhaka baada ya vita walikusanywa kambini, kama ile iitwayo Kambi ya Geneva pale Mohammadpur, wakaishi miongo bila uraia unaoeleweka, mpaka Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi mwaka 2008 kwamba ni raia na wana haki ya kupiga kura. Wapo waliozaliwa kambini wakazeekea kambini, dhambi yao ikiwa ni lugha ya bibi zao. Hata Kibengali chenyewe: mwaka 1987 ilitungwa sheria ya kulazimisha kitumike maofisini na mahakamani, na bado hukumu nyingi za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mnara hauponyi. Unaweza kuuwekea maua saa sita usiku na asubuhi ukamnyima jirani yako kitabu cha darasa la kwanza.

Sasa nageukia kwetu, na nitakuwa mfupi maana haya mnayajua.

Kiswahili hakina mashahidi wa namna ile, na mimi sitamani kiwe nao. Hakikupigwa risasi. Wajerumani walikikuta kwenye biashara wakakitumia kwa maakida wao, Waingereza wakakiundia kamati ya kukisanifisha mwaka 1930, na TANU ikakichukua kama silaha ya kudai uhuru. Julai 7, siku ya TANU kuzaliwa mwaka 1954, sasa ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021. Wabengali walitangulia kwenye mlango ule, tukapita nyuma yao. Kenya imekiandika kwenye katiba ya 2010 kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tuna siku, tuna mabaraza, tuna nyimbo, na kila Julai tuna fulana.

Na tuna madeni. Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120. Mtoto wa Kihadzabe akiingia darasa la kwanza, Kiswahili chetu kitamu kwake ni nini? Ni ile fomu ya manioda. Wengi wenu hapa mlivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani, na wengine mlikivalishwa kwa kusema Kiswahili. Mimi nimevaa vyote viwili, katika shule mbili tofauti, na sikumbuki kimojawapo kuwa chepesi.

Kuhusu sanamu yenu. Kabla ya kujibu, kumbukeni na Afrika Kusini. Mji wa Paarl una mnara mkubwa wa lugha ya Kiafrikana, juu ya mlima, zege zuri kwelikweli, ulizinduliwa Oktoba 10, 1975. Serikali iliyouzindua ilikuwa na kila kitu. Juni 16, 1976, miezi minane baadaye, watoto wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa hesabu na jiografia kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na Hector Pieterson wa miaka 12 akawa mmoja wa waliokufa. Leo Soweto ina kumbukumbu yake. Lugha ileile ina mnara wa kuisifu mlimani, na kule Soweto kuna makaburi ya walioikataa. Mnara wa kwanza wa Dhaka ulikuwa wa matofali ya kuomba. Ule wa Paarl ulikuwa wa bajeti.

Wa kwenu, nisameheni, utakuwa wa bajeti. Hakuna anayewazuia kusema Kiswahili mbele ya maktaba. Hakuna atakayekuja kuzoa kifusi. Jibu langu basi ni hapana, msijenge. Pesa mlizokusanya zina kazi.

Jirani yangu ni kijana wa bodaboda. Alichukua pikipiki kwa mkopo, akatia sahihi mkataba, akalipa vizuri, kisha akachelewa wiki moja kwa sababu ya msiba, na chombo kikachukuliwa. Akaniletea mkataba nimsomee. Ni wa Kiingereza mwanzo mwisho, herufi za kusomewa na darubini. Alipotia sahihi hakujua ametia nini, na aliyemkabidhi kalamu hakujisumbua kumweleza. Kampuni siitaji; zipo nyingi na karatasi zao zinafanana. Mikataba ya aina hiyo, ya mikopo, ya bima, ya nyumba za kupanga, imejaa mtaani, na katika ukumbi huu nimeketi na wanafunzi wa tafsiri wa mwaka wa tatu, wanafunzi wa sheria, na wawili watatu wa uhasibu ambao naona wamefuata soda.

Kodini meza moja sokoni, siku moja kwa wiki. Mtu aje na karatasi yake, asomewe na aandikiwe Kiswahili chake pembeni. Anayetoka Mbulu au Kondoa na Kiswahili hakimkai vizuri, mtafutieni mwenzake wa kabila lake hapa chuoni, wapo. Pesa za sanamu zitalipa meza, wino na nauli kwa muda mrefu, nimepiga hesabu na katibu kabla hamjaingia, na uso wake ulishuka kidogo lakini hakunikatalia.

Nakala ya mkataba wa jirani yangu nimeiacha pale mezani, jina lake nimelifuta. Kipengele cha tisa ndicho kinachoeleza chombo kinachukuliwa baada ya siku ngapi, na kina sentensi moja yenye mistari kumi na moja. Mwenye kalamu aanzie hapo wakati wengine wananiuliza maswali.

Asanteni kwa kunisikiliza.